Barua kwa Mwanangu: Falsafa kwa Lugha Ipi?

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata na kuisoma mara mbili. Unaniuliza iwapo uombe shahada ya uzamili ya falsafa ya Kichina inayofundishwa kwa Kiingereza pale Chuo Kikuu cha Fudan, Shanghai, au uanze na mwaka mmoja wa lugha, kama nilivyofanya mimi Beijing, ndipo ukae darasani na wenyeji. Mimi nasema njia ya pili, nawe usidhani ni nyepesi.

Muhula wangu wa kwanza tulisoma Mengzi, mwanafalsafa wa karne ya 4 kabla ya Kristo, kifungu cha mtoto anayekaribia kutumbukia kisimani: kila amwonaye hushtuka na kumhurumia, hata kama hawafahamu wazazi wake wala hatafuti sifa kwa majirani. Mwalimu akaandika ubaoni herufi moja, ren, yaani wema wa mtu kwa mwenzake, ambayo kushoto ina alama ya mtu na kulia ina alama ya mbili. Nikanyoosha mkono nikasema kwamba kwetu huo ndio utu. Akaniuliza kama utu wetu unamtaka mtu ampende mgeni sawasawa na mzazi wake, maana Mengzi aliwashutumu vikali wafuasi wa Mozi, mwanafalsafa aliyemtangulia, kwa kufundisha upendo usiobagua. Nilibaki nimesimama, na Kichina nilichokuwa nacho hakikutosha hata kukiri kwamba sina jibu. Swali hilo ningali nalitafuna, na sidhani lingenifikia kama ren ningeikuta imekwisha kufasiriwa kwa Kiingereza.

Ugumu wenyewe ni huu. Vyuo vingi hudai ufaulu mtihani wa lugha ya Kichina uitwao HSK, ngazi ya 4 au ya 5, lakini cheti hicho hakikufungulii Mengzi, kwa kuwa maandiko yale yamo katika wenyan, Kichina cha kale, ambacho kiko mbali na cha leo kuliko tenzi za Kiamu zilivyo mbali na Kiswahili chako. Ukurasa mmoja ulikuwa ukinimalizia jioni nzima. Usishangae pia ukiwakuta Wachina wenyewe wakibishana kama Confucius, mwalimu wao mkuu wa kale, aitwe mwanafalsafa: neno zhexue, ambalo ndilo falsafa, lilibuniwa na Mjapani, Nishi Amane, katika karne ya 19, na idara ya falsafa ya Chuo Kikuu cha Peking hujihesabia umri tangu 1912 tu.

Kuhusu ajira, ambayo mama yako ameitaja mara tatu mezani, lugha utakayorudi nayo itakulisha kabla ya falsafa.

Anza sasa kukusanya vyeti na barua za walimu wako. Fomu ya uchunguzi wa afya iache mwishoni, kwani matokeo yake hutambuliwa kwa miezi 6 pekee.

Baba yako