Kompyuta moja kati ya sita hujiwasha upya jioni: nipime nini kabla ya kununua ubao mama?

Swali: Habari ya kazi, fundi. Nina saiba ndogo hapa Umoja, Nairobi, kompyuta sita za mezani, zote za aina moja, nilizinunua zikiwa zimetumika. Ile ya nne huzima ghafla na kujiwasha yenyewe bila ujumbe wowote. Asubuhi haisumbui, balaa huanza kama saa kumi jioni wateja wakijaa. Fundi wangu wa Luthuli Avenue alibadilisha RAM, wiki iliyofuata akaweka Windows upya, na sasa anasema ni ubao mama, kwa bei inayokaribia ya kununua mashine nyingine. Je, naweza kupima nikajua ukweli kabla ya kutoa pesa tena? Mita ya umeme ninayo, na bisibisi siiogopi.

Jibu: Ndugu yangu, una kipimo kizuri kuliko hiyo mita: kompyuta tano nzima za aina ile ile. Fundi anayeletewa mashine moja kibandani hana cha kuilinganisha nacho, ndiyo maana huishia kubahatisha. Wewe huna sababu hiyo.

Tuanze na jambo ulilolitaja kama kwa kupita, kwamba asubuhi ni salama na jioni ni balaa. RAM mbovu haisomi saa. Windows iliyoharibika haisomi saa pia. Kinachobadilika kwako saa kumi ni joto la chumba, idadi ya mashine zinazowaka, na kazi za kuchapisha. Chukua daftari, na kwa siku tatu andika kila ikianguka, yaani ikizima na kujiwasha: saa ngapi, mteja alikuwa akifanya nini, na printa ilikuwa ikifanya nini.

Hukusema kama una printa ya leza, lakini saiba ya Nairobi bila printa ya leza mimi sijaiona. Ndani yake mna rola inayopata moto ili unga wa wino uyeyuke na kushika karatasi, na kila rola hiyo inapopashwa huvuta mamia ya wati kwa mkupuo. Kama imechomekwa kwenye ekstensheni moja na namba nne, volti za pale hushuka kwa kitambo kidogo. Pawa saplai nzima huvumilia: viwango vya ATX, vinavyofuatwa na kompyuta nyingi za mezani, vinaitaka iendelee kulisha kompyuta kwa karibu milisekunde 16 hata umeme ukikatika kabisa. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani wimbi moja huchukua milisekunde 20, kwa hiyo uvumilivu huo si mkubwa hata kwa pawa saplai mpya. Kapasita zake, vile vipande vinavyohifadhi umeme, zikikauka kwa uzee, uvumilivu unapungua zaidi. Basi mashine moja inaanguka, na wenzake waliochomekwa karibu hawatikisiki.

Sisemi ndiyo yenyewe. Nasema kuna jaribio la bure la kuanzia. Hamisha namba nne ikae mahali pa namba moja, na namba moja uilete mahali pa namba nne. Boksi tu ndiyo ihame; kebo ya umeme, kiwambo, kibodi, vyote vibaki mezani vilipo. Kisha ngoja jioni. Ikianguka namba moja, ubao mama anaoulaumu fundi wako hauna kosa, tatizo liko mezani: soketi, ekstensheni au kebo. Ikianguka namba nne huko ilikohamia, ugonjwa umo ndani ya boksi. Na kama hakuna inayoanguka, usishangilie. Yawezekana ni udhaifu wa mashine na ubovu wa mahali, ambavyo kila kimoja peke yake hakitoshi kuiangusha. Hapo rudisha boksi zote mbili zilipokuwa uone kama ugonjwa unarudi.

Hiyo hatua ya kurudisha ndiyo mafundi wengi tunairuka, mimi nikiwemo. Niliwahi kuhangaika wiki mbili katika ofisi moja ya Industrial Area na mashine ya mapokezi yenye dalili kama zako. Nilipobadilisha diski ikatulia siku nne, nikaandika ankara, nikalipwa. Siku ya tano ikaanza tena. Kumbe siku zile nne karani wa mapokezi alikuwa likizo, na birika lake la umeme lilikuwa limefungiwa kabatini. Ningerudisha diski ya zamani siku ya pili, ningegundua kwamba inafanya kazi vilevile.

Wakati unangoja jioni, iulize Windows yenyewe. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, ingia Advanced, kisha mipangilio ya Startup and Recovery, na uondoe alama kwenye Automatically restart. Huenda skrini ya bluu hutokea kila mara lakini mashine hujiwasha upya kabla hujaiona. Ukiondoa alama hiyo, skrini itabaki na utasoma jina la kosa.

Kisha, kwa njia ile ile ya Windows na R, fungua eventvwr, uende kwenye kumbukumbu za System, utafute tukio la Kernel-Power namba 41. Fundi wako huenda alikwisha kuliona. Wengi wakiona neno Power huhukumu papo hapo kwamba pawa saplai imekufa. Tukio hilo halisemi hivyo. Linasema tu kwamba Windows ilipoamka ilikuta haikuzimwa kwa utaratibu, na hata ukichomoa waya kwa mkono litaandikwa lile lile. Chenye maana zaidi kimo kwenye maelezo yake, sehemu ya BugcheckCode. Ikiwa ni 0, hakuna skrini ya bluu iliyorekodiwa: mashine ilikatwa ghafla au iliganda kabisa, na mshukiwa wa kwanza anakuwa umeme. Ikiwa si 0, Windows yenyewe iliona kosa kabla ya kuanguka, na hapo RAM, draiva na diski zinarudi kwenye orodha. Tazama pia kama kuna matukio ya WHEA-Logger karibu na saa hiyo. Hayo huandikwa vifaa vyenyewe vinaporipoti hitilafu.

Tuseme ugonjwa umefuata boksi. Badilishana pawa saplai kati ya namba nne na mojawapo ya nduguze. Hapa ndipo usawa wa mashine zako unapokufaa, maana kompyuta nyingi za maofisini zilizotumika zina plagi za umeme za kampuni iliyoziunda, na pawa saplai ya kawaida ya dukani haiingii. Zima kabisa, chomoa ukutani, kisha hamisha. Pawa saplai yenyewe usiifungue: kapasita kubwa ya ndani huweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa. Mashine ya pili ikianza kuanguka jioni na namba nne ikapona, umempata mkosaji. Zirudishe uhakikishe.

Mita yako ina kazi hapa, lakini isikudanganye. Kama nyaya zako zimefuata rangi za kawaida, kati ya manjano na nyeusi usome volti 11.4 hadi 12.6, kati ya nyekundu na nyeusi 4.75 hadi 5.25, mashine ikiwa inafanya kazi nzito. Ikisoma nje ya hapo, pawa saplai ni mbovu. Ikisoma ndani ya hapo bado hujui, kwa sababu mita ya kawaida ni ya polepole mno kuona mporomoko wa sehemu ndogo ya sekunde. Mimi huitumia kuhukumu, siitumii kusamehe.

Joto ni rahisi kulichunguza. Toa vumbi, hakikisha feni inazunguka, na utumie programu kama HWiNFO kusoma nyuzijoto za prosesa. Prosesa nyingi hupunguza kasi zikikaribia 100, na zikizidi sana hujizima. Kwa kawaida mashine iliyojizima kwa joto hubaki imezimwa, haijiwashi yenyewe kama yako, ndiyo maana sikuliweka mbele.

RAM nayo ijaribiwe kwa Memtest86+ kutoka kwenye flashi, usiku kucha saiba ikiwa imefungwa. Kosa moja tu jekundu latosha kuikataa. Kukosa makosa usiku mmoja ni dalili njema tu, hasa kwa ugonjwa unaosubiri saa kumi jioni.

Ubao mama unahukumiwa mwisho, kwa sababu hauna jaribio lake la haraka. Unabaki baada ya wengine kuondolewa mashaka. Angalia kwa macho kama kuna kapasita zilizovimba kichwa au kuvuja. Zikiwepo, huna haja ya kubishana na fundi wako. Zisipokuwepo, mwombe aweke ubao wa majaribio ndani ya boksi lako, ukiwa na pawa saplai ile ile na RAM ile ile, uuone ukipita jioni mbili mezani kwako printa ikiwa inafanya kazi. Akikataa, tafuta fundi mwingine. Luthuli na River Road hawakosi.

Na ile RAM ya kwanza aliyoitoa, je, alikuachia? Kama aliondoka nayo, mpigie simu leo uidai. Ichomeke kwenye namba tano na uipitishie Memtest86+. Ikipita, una RAM ya akiba.