Nitolewe titi lote au nipigwe mionzi? Mi niliamua hivi

Siku majibu ya biopsi (kile kipimo cha kukata kipande cha nyama) yametoka kwamba nina kansa ya titi, nilimwambia daktari nitolee hilo titi, hata kesho, na la pili kama unataka litoe. Habari za mionzi sikutaka hata kuzisikia. Kichwani kwangu hesabu ilikua nyepesi tu, ukitoa lote ugonjwa umeisha, ukibakiza kipande umejibakizia mzigo.

Daktari hakubishana na mimi, akasema nenda nyumbani, kaa wiki mbili, alafu rudi tuongee. Nilikasirika jamani, yani kansa iko mwilini mtu ananiambia nikakae! Baadae ndo nikaelewa kwamba kwa kansa nyingi za matiti wiki mbili za kufikiri haziharibu kitu, ule uvimbe mpaka umeonekana ulishakaa humo muda mrefu tu. (Ila kama titi zima limevimba, limekua jekundu na ngozi imekua kama ganda la chungwa, hiyo ni aina nyingine, haisubiri.)

Kilichonibadilisha ni kitu alichonieleza tuliporudi. Italia, mjini Milan, kuanzia 1973 mpaka 1980 daktari Umberto Veronesi na wenzake walichukua wanawake 701 wenye uvimbe usiozidi sentimita 2, nusu wakatolewa titi lote, nusu wakatolewa sehemu yenye uvimbe alafu wakapigwa mionzi. Miaka 20 baadae vifo vya kansa ya titi vilikua karibu sawa pande zote mbili. Tofauti ilikua kwenye ugonjwa kurudi palepale, waliobakiziwa titi uliwarudia 30, waliotolewa lote 8. Hao 8 ndo walionishtua, maana nilidhani titi likishaondoka hamna pa kurudi, kumbe unaweza kurudi hata kwenye kovu. Na kinachoua hasa ni kansa kusambaa kwenye mifupa, mapafu, ini, na mbegu za kansa kama zimeshatoka titini basi kisu hakizifuati. Ndo maana kemo (dawa kali za kuua kansa mwili mzima) au vidonge unapewa kutokana na aina ya kansa yako na hali ya tezi za kwapani. Mi nilitaka kutoa titi ili nikwepe kemo, nilikua najidanganya.

Sasa usinielewe vibaya, kuna watu hawana uchaguzi. Kama ulishawahi kupigwa mionzi kifuani, kama una mimba changa, kama vinundu viko pande tofauti za titi au uvimbe ni mkubwa kuliko titi lenyewe linavyoweza kuhimili, mara nyingi utaambiwa litolewe lote. Wenye kansa ya kurithi kwenye ukoo nao mazungumzo yao ni tofauti, uliza kuhusu kipimo cha jeni kabla hujaamua chochote.

Nikachagua kutoa uvimbe tu. Wiki iliyofuata nikapigiwa simu, kingo za nyama waliyokata zimekutwa bado na kansa, nikarudi tena chumba cha upasuaji. Hilo uliza mapema maana linatokea, na mi sikuuliza.

Mionzi yenyewe ilikua mara 15, jumatatu mpaka ijumaa, wiki 3. Ukiwa kwenye mashine husikii kitu, dakika chache umemaliza, na kwa vile langu ni la kushoto nilikua naambiwa nivute pumzi niishikilie ili moyo ukae mbali. Shida ni kwenda na kurudi kila siku, ngozi kua nyeusi na kuwasha pale chini ya titi, alafu uchovu, tena uchovu ulinizidi wakati nimeshamaliza. Kama huna jinsi ya kufika kila siku hiyo ni sababu halali kabisa ya kutoa titi, asikuone mtu mjinga.

Kuna dada nilikua nakaa nae foleni, yeye alitoa lote akijua mionzi haimhusu. Tezi zake zikakutwa na kansa, tukawa tunapigwa mionzi pamoja. Alikua pia anataka kutengenezewa titi jingine, akaambiwa asubiri kwanza, maana mionzi inaweza kuharibu ile kazi. Kifua chake anasema ukimgusa ni kama unagusa nguo, hasikii.

Lakini yeye analala. Mi titi langu limebaki, dogo kuliko mwenzake na gumu kidogo pale penye kovu, na kila mamogramu (ile picha ya kupima titi) ikikaribia nakesha, najipapasa usiku mzima mpaka mume wangu ananishika mkono. Hiki hakuna daktari aliyeniuliza, kwamba wewe ni mtu wa namna gani ukiwa na hofu, na kwa kua kuishi ni karibu sawa kwa njia zote mbili naona ndo swali lenye uzito kuliko yote. Sijutii, ila ningependa kuulizwa.

Ya mwaka huu ni mwezi ujao.