Kabla ya Kununua Gari la Kambi la Njia Mbovu, Pima Kwanza Baiskeli Yako

Gari la kambi la kwanza nililolinunua lilikuwa na kitanda kipana, jiko, sinki na taa za kupendeza, na muuzaji alinihakikishia kwamba baiskeli mbili za milimani zingeingia chini ya kitanda bila tabu. Hakunidanganya, kwa sababu kweli ziliingia: zililazwa ubavu, moja juu ya nyingine, baada ya kulegeza skrubu za usukani na kung'oa pedali. Kila jioni nilisimama nyuma ya gari na spana mkononi, mara nyingi mvua ikininyeshea. Niliivumilia kazi hiyo msimu mmoja tu, kisha nikaliuza gari kwa hasara.

Kosa lilikuwa langu, kwa maana nilipima kitanda na sikupima baiskeli. Baiskeli ya milimani ya siku hizi yenye magurudumu ya inchi 29 ina urefu wa takriban mita 1.85, usukani wake una upana wa sentimita 76 hadi 80, na kutoka sakafuni hadi juu ya usukani hupita mita moja. Tandiko halisumbui sana, kwani baiskeli nyingi za aina hii zina nguzo ya tandiko inayoshushwa kwa kitufe. Kinachoamua mambo ni usukani. Ukitoa gurudumu la mbele na kuifunga foku, yaani uma unaolishika gurudumu hilo, kwenye kishikio kilichokazwa karibu na sakafu, urefu hushuka hadi kama mita 1.5, na usukani nao huteremka kwa takriban sentimita 20, kwa sababu ekseli ya mbele, yaani mhimili wa gurudumu, ambayo awali ilikuwa sentimita 37 juu ya ardhi sasa imekaa chini kabisa.

Sentimita hizo 20 ndizo utakazolalia. Magari mengi yenye paa refu yana kimo cha ndani cha karibu mita 1.9, na mbao za sakafu pamoja na vizuia-baridi vya dari hupunguza kidogo kimo hicho. Baiskeli zikisimama na magurudumu yote mawili, ubao wa kitanda hauna budi kukaa zaidi ya sentimita 105 kutoka sakafuni. Ongeza unene wa ubao na godoro, nawe utabaki na nafasi ya sentimita 70 hivi, ambayo haimruhusu mtu mzima kuketi kitandani, sembuse kuvaa suruali. Gurudumu la mbele likitolewa, ubao unaweza kushuka hadi sentimita 85 na kichwa kikapata pumzi. Viko pia vitanda vinavyopandishwa hadi darini kwa mota au kwa mikanda, navyo hufaa kwa anayetaka kupaacha mahali wazi mchana, ila huongeza uzito na idadi ya vitu vinavyoweza kuharibika mbali na fundi.

Upana nao una hesabu yake. Kati ya magari ya mizigo yanayogeuzwa kuwa ya kambi, Fiat Ducato ina takriban mita 1.87 kwa ndani pale ilipo pana zaidi, na Mercedes-Benz Sprinter karibu mita 1.78, kabla ya kuta kufunikwa. Kwa hiyo baiskeli nzima haiwezi kukaa kwa kukingama ndani ya Sprinter, bali iliyotolewa gurudumu hukaa vizuri. Kuzipanga hivyo huokoa urefu wa gari, lakini ile ya ndani haitoki mpaka uitoe iliyo mlangoni. Mimi napendelea kuzipanga kwa kufuata urefu wa gari, juu ya trei inayovutwa kupitia milango ya nyuma. Hakikisha tu kwamba kishikio cha foku kinalingana na ekseli yako: kipimo cha milimita 15 kwa 110 (unene wa ekseli kwa upana wa nafasi yake) ndicho kilichoenea, ingawa si cha pekee. Gurudumu likishatoka, chomeka kipande cha plastiki kati ya vibao vya breki, kwani breki za mafuta zikibonywa kwa bahati mbaya vibao hukutana na kugoma kurudi. Tena, vishikio na pete za kufungia zikazwe kwenye bodi ya gari, si kwenye plaiwudi peke yake. Baiskeli ya kilo 15 hugeuka kombora breki zinapokanyagwa ghafla.

Tope litaingia, hilo lisikusumbue akili, mradi lisivuke hadi unapolala. Tafuta gari ambalo stoo yake ya baiskeli, nyuma chini ya kitanda, ina sakafu ya mpira au trei yenye kingo, na ukuta kamili kati yake na chumba. Pazia halitoshi, kwa kuwa unyevu wa matairi na harufu ya mafuta ya mnyororo hupita penye upenyo wowote. Mwenye baiskeli ya umeme aongeze mambo mawili: baiskeli hizo nyingi huzidi kilo 20, hivyo kizingiti cha mlango wa nyuma kikiwa juu utajuta; na betri ya lithiamu haifai kuchajiwa kwenye baridi ya chini ya nyuzi sifuri, basi iwe na mahali pake ndani, upande wenye joto.

Sasa nifike kwenye njia mbovu, ambako wanunuzi wengi huulizia mfumo wa magurudumu manne na kuishia hapo. Sprinter, Volkswagen Crafter na Ford Transit hupatikana zikiendeshwa kwa magurudumu yote manne, na sikatai kwamba mfumo huo husaidia. Hata hivyo, stoo ya baiskeli iko mkiani, na uzito uliowekwa nyuma ya ekseli ya nyuma hufanya kazi kama bembea: unapoukandamiza mkia, unaipunguzia mzigo ekseli ya mbele. Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, kama Ducato ilivyo kawaida, hupoteza mshiko pale pale unapouhitaji, yaani kwenye mlima wa nyasi mbichi. Ndiyo maana nataka tangi la maji liwe kati ya ekseli mbili, kwa kuwa lita 100 ni kilo 100. Mkia mrefu nao hukwaruza ardhi unapotoka kwenye korongo, na kibebeo cha nje huuongeza zaidi; hiyo kwangu ni sababu nzito ya kuziweka baiskeli ndani kuliko hata hofu ya wezi. Matairi ya njia mbovu na pampu ndogo ya kurudishia upepo uliopunguzwa vimenikwamua mara nyingi kwa gharama ndogo.

Uzito wa jumla usiachwe kwa kubahatisha. Katika nchi za Umoja wa Ulaya leseni ya daraja B, ile ya gari dogo, kwa kawaida huishia kilo 3,500, na gari lililokwisha kujengwa kwa makabati na betri linaweza kubakiwa na kilo mia chache tu za kubeba watu, maji, chakula na baiskeli. Omba lipimwe kwenye mizani likiwa na tangi zilizojaa, kisha pima kila ekseli peke yake.

Nilipokwenda kuliona gari la pili nilibeba baiskeli zote mbili, moja ikiwa na tope la asubuhi ile, pamoja na utepe wa kupimia. Muuzaji alikunja uso, nami nikamwomba anipishe nizipakie peke yangu, bila msaada wake. Zilipokwisha kufungwa nilipanda kitandani, nikaketi wima, nikageuka, nikavua viatu na kuvivaa tena. Kichwa changu hakikugusa dari, na spana ilibaki mfukoni.