Barua kwa mwanangu: kodi, na mtoto aliyeko Nyarugusu

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma na kuurudia. Unauliza mambo mawili. Kwanza, wewe unayelea watoto wawili peke yako kwa mshahara wa ghalani, na kodi ya mapato karibu hukatwi, je, kweli serikali ya Marekani inaweza kukulipa maelfu ya dola? Pili, umwandike kwenye fomu ya kodi mtoto wa kaka yako aliyeko kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kwa kuwa chakula na karo yake vinatoka mfukoni mwako? La kwanza, ndiyo, na udai zote. La pili, hapana.

Unasema huna kodi uliyolipa. Chukua karatasi yako ya mshahara, tazama mistari ya Social Security (mafao ya uzeeni) na Medicare (matibabu ya wazee). Wanakata asilimia 6.2 na asilimia 1.45, tangu dola ya kwanza. Kwa dola 31,000 ulizopata mwaka 2025, hizo ni zaidi ya dola 2,300. Umelipa, mama. Na hiyo EITC wanayokutajia kazini, nafuu ya kodi inayolipwa taslimu, ilianzishwa mwaka 1975, wakati wa Rais Ford, kwa ajili ya watu wanaofanya kazi na mshahara hautoshi. Huirudishi. Wala haihesabiwi kuwa mapato unapoomba msaada wa chakula au Medicaid, ile bima ya afya ya wenye kipato kidogo, kwa hiyo usiiogope kwa sababu hiyo.

Kwa mwaka 2025 mwenye watoto wawili anaweza kupata hadi dola 7,152. Mshahara ukipanda inapungua, na kwa mzazi aliye peke yake inakwisha mapato yakifika kama dola 57,300. Nimekupigia hesabu: wewe utapata karibu dola 5,500. Mbali na hizo kuna nafuu ya watoto walio chini ya miaka 17. Hata ukiwa hudaiwi tena kodi, sehemu yake hulipwa taslimu, hadi dola 1,700 kwa kila mtoto. Watu wengi wanaostahili EITC, karibu mmoja kati ya watano, hawaidai kabisa. Sitaki uwe mmoja wao.

Sasa huyu mtoto. Najua unavyompenda, na najua unachojinyima ili apate kula. Kwa undugu angekubalika, maana sheria inawataja hata watoto wa kaka na dada. Kinachomzuia ni mahali anapoishi. Ni lazima awe amekaa nawe hapa Marekani zaidi ya nusu ya mwaka, na awe na namba ya Social Security inayomruhusu kufanya kazi. Pesa unazotuma kila mwezi hazibadilishi hilo, ziwe nyingi kiasi gani. Hata kumwandika kama mtegemezi wa kawaida huwezi, kwa sababu si mkaazi wa huku. Mimi sheria hii inaniuma. Familia zetu hazikutawanyika kwa kupenda, na anayemlisha mtoto aliye mbali hana mzigo mwepesi kuliko anayemlisha mezani kwake. Lakini ndivyo ilivyoandikwa, na anayetia saini fomu ya 1040, hiyo fomu yako ya kodi, ndiye atakayejibu, hata kama ilijazwa na mwingine. Wakiona umepuuza sheria makusudi, wanakufungia EITC miaka 2. Wakiona ni udanganyifu, miaka 10, na zile ulizopokea unazirudisha pamoja na riba. Hapo watakaokosa ni hawa wawili unaowaamsha kila asubuhi kwenda shule.

Huyo mjaza fomu anayekwambia “kila mtu anafanya hivyo” na kukuahidi pesa siku hiyohiyo, achana naye. Kwa sheria ya mwaka 2015, marejesho yenye EITC hayatolewi kabla ya katikati ya Februari, hata ukijaza siku ya kwanza. Atakachokupa leo ni mkopo, na ada zake atazikata kwenye pesa zako. Tena muulize kama atatia saini yake na namba yake ya PTIN, ile ya wanaojaza fomu za kodi kwa malipo, kwenye fomu. Akikataa, chukua karatasi zako uondoke.

Nenda VITA, huduma ya kujitolea ya kujaza fomu za kodi. Ni watu waliofunzwa na kupimwa kwa viwango vya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, wanajaza bure, mara nyingi kwenye maktaba na vituo vya jamii. Piga simu mapema uombe miadi na uulize kama kuna mkalimani wa Kiswahili. Beba kitambulisho chako, kadi za Social Security zenu watatu, W-2 (karatasi ya mwajiri ya mshahara wa mwaka) za kazi zote mbili (ile ya hoteli usiisahau, hata kama ulikaa muda mfupi), namba za akaunti ya benki, na barua ya shule inayoonyesha watoto wanaishi kwako. Baba yao akisema naye amwandike mmoja, mwambie watoto wamelala kwako mwaka mzima.

Jambo jingine: mwaka 2023 ulifanya kazi na hukujaza. Una miaka mitatu ya kudai marejesho ya nyuma, kwa hiyo tafuta W-2 ya mwaka ule uende nayo pia.

Usitie saini kabla hujanipigia picha kurasa zote ukanitumia. Kuhusu kaka yako, usibishane naye. Nitampigia mimi Jumapili nimweleze kwa nini jina la mwanawe halimo, na pesa ya karo ya muhula huu tutaichanga wote.

Mama yako