Kwa mwanangu aliyeko Nungwi

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Sie huku wazima. Babako yuko shamba na wachumaji wake wa karafuu, mbio na mvua tu. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Umeniuliza: "Mama, umefanya kazi hospitali miaka 30. Ulifanyaje watu wa kazini wasikuumize roho? Mimi nikipangwa zamu moja na yule msimamizi, moyo unanienda mbio, na usiku silali."

Waliniumiza, mwanangu. Na mimi niliwaumiza. Sikukusimulia kwa sababu ulikuwa mdogo.

Nilikuwa wodi ya wazazi, zamu ya usiku. Mwenzangu wa zamu ya jioni kila nikiingia nakuta keshaondoka, na daftari la ripoti nusu tupu. Usiku mmoja nikakuta mama mjamzito presha imempanda, na vipimo vya jioni havikuandikwa. Alhamdulillahi alijifungua salama. Lakini mimi yule mwenzangu sikumwambia neno. Niliwaambia wengine wote, yeye nikamnunia miezi 7. Kichwa kikawa kinanigonga, saa tisa za usiku niko macho. Unaikumbuka siku uliyovunja kikombe, nikakupigia kelele mpaka ukakimbilia kwa bibi yako? Hasira ile niliitoa wodini nikaja nayo nyumbani.

Mkunga mkubwa wetu ndiye aliyetuita, tukakaa watatu kwenye chumba cha mashuka. Akatukataza kusema "kila siku" na "ndivyo ulivyo". Kila mmoja ataje tukio na siku yake. Ndipo ilipotoka kwamba gari ya mwisho ya Micheweni ilikuwa ikiondoka kabla ya saa yetu ya kupokeana, na nyumbani ana mtoto wa kunyonya. Mimi naishi mwendo wa dakika 10 kwa miguu, na sikuwahi kumuuliza. Kuacha daftari tupu lilikuwa kosa, na alilikiri. Tukakubaliana niingie nusu saa mapema, na yeye anikabidhi kitanda kwa kitanda, mbele ya mgonjwa. Mwezi haukwisha tukawa tunachekeana.

Watu watakwambia usubiri. Miezi 7 ile mimi niliiita subira, kumbe ni kununa. Mficha uchi hazai, na mimi nimezalisha wengi, maana yake naijua.

Usingizi wako una sababu. Ukitishika, mwili hutoa homoni za adrenalini na kotisoli, moyo hupiga haraka, misuli hukaza, ili uweze kukimbia au kupambana. Jambo likipita, homoni hizo hushuka. Likija jipya kila siku hazipati nafasi ya kushuka sawasawa, nawe unalala na mwili uko tayari kukimbia. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilieleza hali ya kuchakazwa na kazi kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi, na kuona huna unachokiweza tena. Halikuiita ugonjwa, limesema inatokana na msongo wa kazini wa muda mrefu usioshughulikiwa. Ukifika huko usijilaumu kuwa dhaifu. Na ukipita wiki mbili bila kulala vizuri, nenda kwa daktari.

Sasa hayo uliyonieleza, naona ni mambo mawili umeyafunga kitita kimoja. Kuwa wawili tu mapokezi ya hoteli mwezi wa Agosti, na ratiba kutoka usiku wa kuamkia zamu, huo ni mzigo. Peleka hesabu kwa meneja: wageni wangapi waliingia saa ngapi, mlikuwa wangapi. Kugombezwa mbele ya wageni ni jambo jengine. Mwendee msimamizi faragha, baada ya kula, umwambie: "Jana ulinisema mbele ya wageni, nimeumia. Nikikosea, niite pembeni." Kisha nyamaza umsikilize, huenda naye anabanwa na wa juu yake. Tarehe iandike daftarini.

Asipobadilika, panda kwa aliye juu yake, au chama cha wafanyakazi kama kipo hapo. Zanzibar tuna sheria ya ajira na ya uhusiano kazini, zote za mwaka 2005, na kipo kitengo cha kusuluhisha migogoro ya kazi. Kwenda huko si utovu wa adabu.

Lakini akikushika, au akikutaka jambo ili akupe zamu nzuri, hapo hapana kikao cha faragha wala suluhu. Nipigie siku ile ile, babako atapanda boti.

Na lile kundi la simu la kazini, ukishatoka zamu lizime mpaka kesho.

Ukishazungumza naye nipigie, hata ikiwa saa tisa za usiku. Mimi bado nimezoea kuwa macho.

Wasalaam,
Mamako