Nyota, sayari, kimondo: usizichanganye

Ndugu, umeuliza kama ile "nyota" kubwa unayoiona jioni kule Jinja, Uganda, ni nyota au sayari, na mtoto akuulizaye umwambie nini. Kwanza usiogope, wengi tunachanganya. Nyota inawaka yenyewe kama jua letu, sayari haina mwanga wake, inarudisha tu ule wa jua. Kama inang'aa sana upande jua lilikozama na haimetimeti basi karibu hakika hiyo ni Zuhura, wazee wanaiita nyota ya jioni lakini ni sayari bana. Zingine za kukariri ni Zebaki, Mirihi ile nyekundu, Mshtarii, Zohali yenye pete. Mwezi huo rahisi, hata Luganda ni omwezi.

Kimondo sasa ndo watu wanakosea kabisa, wanasema nyota imeanguka, kumbe ni kijiwe tu kinaungua kikiingia kwenye hewa ya dunia kwa kasi. Kikifika chini bado tunakiita kimondo, pale Mbozi Tanzania kipo cha tani kama 16 hivi.

Halafu mwambie mtoto kuhusu setilaiti, chombo kinachozunguka dunia kwenye njia yake iitwayo obiti. Yetu ya kwanza Uganda, PearlAfricaSat-1, ilirushwa na roketi Novemba 2022, ikafika kwanza kwenye kituo cha kimataifa cha anga, ndo Desemba ikaachiliwa pale. Wanaoishi kwenye kituo hicho ni wanaanga, si "marubani wa mwezini" kama ulivyoandika, hapo nimecheka kidogo samahani.