Kwa Wanaoanza Bendi za Gwaride: Mguu Kwanza, Tarumbeta Baadaye

Kila mashindano yanapokaribia, bendi changa za shule, za skauti na za makanisa hurudia makosa yaleyale tuliyoyafanya sisi tuliowatangulia, tena kwa bidii ileile na kwa jasho lilelile. Safari hii nimeona bendi moja ya vijana ikiingia uwanjani kwa mwendo wa kijeshi, ikafika katikati ikaanza kuinua magoti kama bendi za vyuo vya Marekani, kisha ikamalizia kwa hatua za kunyata zilizoigwa kwenye video nyingine. Vijana wale wana vipaji, na ninawapenda kwa dhati. Ndiyo maana nimeona heri niandike yote kwa pamoja kuliko kumshika mmoja mmoja bega pembeni mwa uwanja.

Jambo la kwanza ni kuchagua mtindo mmoja na kukaa nao. Mtindo wa gwaride si pambo la kuongezwa wimbo ukishaiva. Mtindo ndio unaoamua urefu wa hatua, namna ya kuvuta pumzi, nafasi kati ya mtu na mtu, na hata nyimbo zinazowezekana kupigwa. Mwendo wa haraka tuliourithi kwa jeshi la Waingereza una hatua ya inchi 30, yaani kama sentimita 76, na kasi ya karibu hatua 120 kwa dakika. Hatua hiyo ilipimwa kwa askari mtu mzima, kwa hiyo mkimpa mtoto wa darasa la sita atalazimika kurukaruka, na anayerukaruka hawezi kushika sauti ndefu. Mpunguzieni hatua bila aibu yoyote, mradi wote wapunguze sawa.

Bendi za mashindano za Marekani zinazofuata mtindo wa kor (corps), yaani wa vikundi vya ngoma na vyombo vya shaba, hupiga hatua 8 katika kila yadi 5 za uwanja wao, sawa na sentimita 57 hivi kwa hatua. Kisigino hutangulia kugusa chini, vidole vikiwa juu, kisha unyayo unashuka taratibu hadi ncha ya kiatu, ili kiuno na kifua visitikisike na midomo isipoteze mahali pake. Mtindo wa maonyesho wa vyuo vya kihistoria vya Wamarekani Weusi ni kinyume chake: paja huinuliwa hadi lilingane na ardhi, ncha ya kiatu ikielekezwa chini, na mwili mzima huonekana ukicheza. Bendi ya Florida A&M, inayojulikana kama Marching 100, ilijengwa hivyo na William P. Foster aliyefika pale mwaka 1946 na kuiongoza hadi 1998. Mwaka 1989 iliandamana Paris katika sherehe za miaka 200 ya Mapinduzi ya Ufaransa. Mnachokiona kwenye simu kwa dakika tatu ni matunda ya mazoezi mazito ya mapafu, mapaja na tumbo. Kijana mmoja alinijia mdomo umevimba na damu imeganda kwenye fizi kwa sababu aliinua magoti kwa mara ya kwanza siku ya mazoezi ya mwisho, trampeti ikiwa mdomoni. Kila goti lilipopanda, chombo kilimgonga meno. Nilimpa pole, nikamnyang'anya trampeti, nikamwambia ainue magoti mikono mitupu kwa majuma kadhaa kwanza.

Wapo watakaosema ninazuia ubunifu. La hasha. Mashindano ya bendi na kuigeuza mitindo ya wageni iwe yetu ni mambo ya zamani pwani hii. Tangu miaka ya 1890 watu wa Lamu na Mombasa walikuwa na beni, ngoma ya mashindano iliyoiga bendi za kijeshi, na baadaye vyama vya Marini na Arinoti vilishindana kutoka mji hadi mji kwa sare, kwa gwaride, kwa nyimbo na kwa karamu, vikiwa na vyeo vyao kuanzia kingi, yaani mfalme, kushuka chini. Vita vya kwanza vya dunia vikaisambaza beni hadi bara pamoja na askari na wapagazi. Kule Ziwa Nyasa, ngoma ya mganda mpaka leo huchezwa kwa mistari iliyonyooka na hatua zilizopimwa, na vibuyu vya kupulizia vinashika nafasi ya matarumbeta. Wazee wale walibadilisha mambo mengi sana, lakini waliyabadilisha yote pamoja, kuanzia unyayo hadi kofia. Hawakuokota goti huku na mkono kule.

Jambo la pili: mguu ujifunzwe kabla ya wimbo. Anzeni na ngoma kubwa peke yake, pigo likianguka kwenye mguu wa kushoto, hadi kila mmoja aweze kutembea, kugeuka na kusimama bila kutazama chini. Halafu waimbe wimbo kwa midomo mitupu huku wakitembea, ndipo vyombo vitolewe kwenye mifuko. Walimu wengi hufanya kinyume kwa sababu wazazi wanataka kusikia wimbo mapema.

La tatu ni sauti ipi ifuatwe uwanjani, nalo nitalieleza kwa kirefu kwa sababu lilimuumiza mtu asiyestahili.

Nilikuwa msaidizi wa mkufunzi katika sherehe moja, na bendi yetu ilikuwa imepangwa ng'ambo ya uwanja, ikilitazama jukwaa kuu lenye paa kubwa la bati, kama mita 85 kutoka tulipokuwa. Dramu meja, yule kiongozi anayetangulia bendi, aliinua fimbo, tukaondoka kwa mguu wa kushoto vizuri kabisa. Mimi nilikuwa nikitembea pembeni, mbele kidogo ya safu ya kwanza, na hatua chache baadaye nikasikia ngoma kubwa ikipiga kwenye mguu wa kulia. Nilisikia waziwazi, bila shaka yoyote. Nikageuka nikamtazama mpigaji wa ngoma, kijana mtulivu ambaye hajawahi kukosea katika mazoezi, nikamwonyesha kwa mkono kwamba abadilishe mguu. Alinitazama kwa mshangao. Nikamwonyesha tena kwa ukali, nikatamka neno «badili» ili alisome mdomoni. Akatii. Akapiga ile hatua fupi ya kubadilisha, na ngoma ikahamia mguu wa kulia kweli.

Safu tatu za mbele zilikuwa zikimtazama dramu meja, kwa hiyo ziliendelea kama zilivyoanza. Safu za nyuma zilikuwa zikifuata ngoma, nazo zikabadilisha. Bendi ikawa imegawanyika, nusu yake inashusha kushoto na nusu inashusha kulia. Matarumbeta ya mbele yakatangulia wimbo, yufoniamu na tuba, vyombo vya shaba vya sauti nzito, zikabaki nyuma, na kadiri tulivyolikaribia jukwaa ndivyo nilivyozidi kuchanganyikiwa, kwa sababu kila nilichokisikia kilikuwa kikihama. Tulipita mbele ya mgeni rasmi katika hali hiyo. Katika kikao cha tathmini mpigaji wa ngoma alilaumiwa mbele ya wenzake wote kwamba alipoteza mguu, nami nilikuwa nimekaa palepale na sikufungua kinywa, kwa kuwa niliamini kweli kwamba kosa lilikuwa lake na kwamba mimi ndiye niliyejaribu kulirekebisha. Hakurudi tena kwenye mazoezi.

Nilikuja kuelewa siku nyingine kabisa, nikipiga makofi mbele ya ukuta mrefu wa ghala nikisubiri vijana wafike. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Kutoka tulipokuwa hadi kwenye lile paa ni mita 85, na kurudi ni 85 nyingine, jumla 170, yaani nusu sekunde. Kwa kasi ya hatua 120 kwa dakika, nusu sekunde ni hatua moja kamili. Kijana alipiga kushoto, mwangwi ukarudi kulia, na kwa kuwa mimi nilikuwa mbele, nikiipa ngoma mgongo na bati likinitazama usoni, mwangwi ulinifikia kwa nguvu kuliko ngoma yenyewe. Yeye alikuwa sahihi tangu hatua ya kwanza. Nilimtafuta, nikamwomba radhi; alinisikiliza kwa heshima na akanisamehe, lakini ngoma hakuishika tena, na bendi ile ilikaa muda mrefu bila kupata mkono kama wake.

Kwa hiyo nawasihi: kanuni ya uwanjani ni kuufuata mguu kwa macho na kuifuata ngoma iliyo ndani ya safu kwa masikio, na kuipuuza kabisa sauti inayotoka mbele, iwe mwangwi wa jukwaa au vipaza sauti vya mshereheshaji. Ngoma zikae katikati ya bendi, zisigawanywe mbele na nyuma kwa ajili ya kupendeza, kwa sababu hata mita 34 tu kati ya makundi mawili hula sehemu ya kumi ya sekunde, na sikio la mwamuzi linaisikia. Fikeni uwanjani mapema, pigeni ngoma kubwa mara moja kila upande, kisha sikilizeni inarudi lini. Askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) wanaofanya gwaride la kimyakimya kwenye sherehe za kitaifa hawana amri wala muziki wa kuwaongoza. Wanahesabu, na hesabu hiyo iko ndani ya kila mmoja. Jaribuni hivyo angalau mara moja kwa juma, bendi nzima ikitembea kimya uwanja mzima.

Mengine ni mafupi. Tromboni zikae safu ya mbele ili mirija yake ya kusukuma mbele na nyuma isimchome mtu mgongoni. Vyombo vya shaba hupanda sauti (si kwa ukubwa, bali kwa wembamba) vikipata joto, kwa hiyo visawazisheni tena baada ya kukaa juani, si asubuhi kivulini tu. Vali, vile vibonyezo vya trampeti na wenzake, zipakwe mafuta kabla ya kuondoka nyumbani. Kipulizio, kile kipande cha kuwekea mdomo, hakiazimwi bila kuoshwa. Kamba za viatu zifungwe mara mbili na ncha zake zifichwe. Nimeona safu nzima ikivurugika kwa kamba moja.

Kuhusu mashindano yenyewe, someni masharti kabla ya kuchagua nyimbo. Kule Kerkrade, Uholanzi, ambako mashindano ya dunia ya muziki wa bendi hufanyika tangu 1951, bendi za matembezi na bendi za maonyesho hushindana katika makundi tofauti, kwa sababu kila moja inapimwa kwa jicho lake. Marekani, mashindano makubwa ya Drum Corps International, ambayo fainali zake za kwanza zilifanyika Whitewater, Wisconsin, mwaka 1972, hutoa alama hadi 100 zikijumuisha muziki, mwonekano na athari ya onyesho zima. Bendi zetu nyingi hutumia jasho lote kwenye muziki, halafu hushangaa alama zimepotelea wapi. Zimepotelea kwenye kona: mtu wa ndani hajafupisha hatua, wa nje hajairefusha, na safu inageuka imejipinda. Mwamuzi aliyekaa juu hulitazama hilo kwanza, na sisi tuliosimama chini hatulioni kamwe. Kabla ya siku ya mashindano, mpangaji wa mistari apande jukwaani, awaache vijana mikononi mwa dramu meja, arekodi gwaride zima kwa simu kutoka kiti cha juu kabisa, kisha aitazame video hiyo pamoja nao jioni ileile, akianza na kona.